Nyumba ya Kupangisha na Karatasi Zake: Mambo Ambayo Kila Kamati ya Parokia Inapaswa Kuyajua

Katika ziara zetu kwenye parokia za Tabora na zile zilizo kwenye njia ya zamani ya misafara kuelekea Urambo na Kigoma, tumekuwa tukiulizwa swali moja mara kwa mara. Kamati zinataka kujenga au kukarabati vyumba vya kupangisha ili mapato yake yalipe ada za watoto, yatunze zahanati au yaendeshe chekechea, bila kusubiri msaada kila mwaka. Nao wafadhili wanaotusaidia wanauliza: je, mapato hayo yatalindwaje?

Jibu la maswali yote mawili limo katika karatasi. Nyumba nzuri isiyo na karatasi inaweza kugeuka mzigo, na nyumba ya kawaida yenye karatasi zake inaweza kulea familia kwa miaka mingi. Makala hii inaeleza karatasi hizo moja baada ya nyingine. Inawahusu viongozi wa parokia na vilevile waumini wetu wenye nyumba za kupangisha, hasa wajane na wastaafu ambao kodi ya vyumba viwili vitatu ndiyo mshahara wao.

Tabora, mji wa wageni

Kumpa mgeni mahali pa kulala si jambo jipya hapa kwetu. Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, walipokelewa na wafanyabiashara Waarabu na kupewa nyumba ya kukaa. Mwaka 1871 Stanley naye alipewa tembe pale Kwihara. Mwaka uliofuata Livingstone alikaa katika tembe hiyo hadi Agosti, akingojea wapagazi wa kumsindikiza. Mgeni hakuandikiwa mkataba. Heshima ya mwenyeji ndiyo iliyokuwa dhamana.

Reli ilipofika mwaka 1912, mji ulianza kupokea watu wa namna nyingine: wafanyakazi wa mshahara, makarani, askari na walimu, watu wanaokaa mwaka au miaka miwili kisha wakahamishwa. Leo wapo pia wanafunzi wa vyuo, watumishi wapya wa serikali, wafanyakazi wa ujenzi wa reli ya kisasa na watu wa tumbaku wanaokuja wakati wa masoko. Isevya, Ng'ambo, Cheyo na Ipuli kuna nyumba nyingi za vyumba vinavyotazamana, ukumbi katikati, choo na jiko uani. Wapangaji wa humo wengi hawana udugu na mwenye nyumba, na kwao hakufahamiki. Heshima bado inahitajika, lakini peke yake haitoshi.

Kuna sababu nyingine. Zamani ilikuwepo Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba pamoja na mabaraza ya nyumba yaliyosikiliza migogoro ya wapangaji. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kiasi cha kodi kinategemea mapatano ya pande mbili, na mambo mengine yanaongozwa hasa na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001. Kwa hiyo uzito mkubwa umehamia kwenye mapatano yenyewe. Yasipoandikwa, anayesikiliza shauri atabaki na neno la huyu dhidi ya neno la yule.

Kwanza, tutenganishe "kodi" na "kodi"

Katika mikutano yetu tumeona kwamba ugomvi mwingi unaanzia kwenye neno lenyewe. Kodi ni moja kwa sauti, lakini mambo ni manne:

1. Kodi ya nyumba, au pango: fedha ambayo mpangaji anamlipa mwenye nyumba.

2. Kodi ya ardhi: fedha ambayo mwenye kiwanja kilichopimwa na kumilikishwa anailipa serikalini kila mwaka.

3. Kodi ya majengo: fedha inayolipwa kwa ajili ya jengo. Tangu Agosti 2021 inakatwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU. Kwa nyumba ya kawaida ilianza kwa sh. 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapandishwa kuwa sh. 1,500.

4. Kodi ya mapato: sehemu ya pango ambayo ni haki ya Mamlaka ya Mapato (TRA).

Hiyo ya tatu inaleta manung'uniko mengi. Anayenunua umeme ni mpangaji, lakini mwenye jukumu la kodi ya majengo ni mwenye jengo. Basi mpangaji anapoingiza tokeni na kuona fedha imepungua, ana haki ya kuuliza. Njia iliyo safi ni kuandika ndani ya mkataba: ama mwenye nyumba anapunguza kiasi hicho kwenye pango, ama wamekubaliana tangu mwanzo kwamba pango limepangwa kwa kuzingatia hilo. Sentensi moja inatosha kumaliza ugomvi wa mwaka mzima.

Karatasi ya kwanza: uthibitisho kwamba nyumba ni yako

Huwezi kupangisha usichokuwa na haki nacho. Mwenye kiwanja kilichopimwa anapaswa kuwa na hati miliki, ambayo hutolewa kwa muda wa miaka 33, 66 au 99, au angalau barua ya toleo wakati akifuatilia hati. Kwa makazi ya mjini yasiyopangwa, sheria inatambua leseni ya makazi, ambayo ni ya muda mfupi. Vijijini ipo hati ya hakimiliki ya kimila, inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999.

Wengi wetu tuna karatasi ya mauziano tu, iliyoshuhudiwa na mwenyekiti wa mtaa. Karatasi hiyo itunzwe, maana ni ushahidi wa namna ulivyopata eneo. Lakini isihesabiwe kuwa ni hati. Mtaa wenu ukiingia katika zoezi la urasimishaji wa makazi, msikae pembeni.

Karatasi ya pili: ridhaa ya mwenzi na barua ya usimamizi

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema kwamba mume au mke mwenye nyumba ya familia hawezi kuiuza, kuitoa zawadi, kuiweka rehani wala kuipangisha bila ridhaa ya mwenzake. Wengi wanajua kuhusu kuuza. Kuhusu kupangisha wanashangaa. Kwa hiyo mkataba wa nyumba ya familia uwe na nafasi ya saini ya mwenzi.

Mwenye nyumba akifariki, pango halihamii kwa yeyote aliyewahi kufika msibani. Tuchukue mfano wa mama mjane mwenye vyumba vinne vilivyokuwa kwa jina la marehemu mumewe. Shemeji anafika kwa wapangaji na kuwaambia kuanzia mwezi huo walipe kwake. Wapangaji wanagawanyika: wawili wanalipa kwa mama, wawili kwa shemeji. Watoto wanarudishwa shule kwa ada. Dawa ya hali hiyo ni ukoo kukaa kikao, kuandika muhtasari, na kumpendekeza msimamizi wa mirathi ambaye mahakama itamthibitisha kwa barua ya usimamizi. Nakala ya barua hiyo ikishaonyeshwa kwa wapangaji, kila mmoja anajua wa kumlipa. Msimamizi naye akumbuke kwamba anakusanya kwa niaba ya warithi, na mahakama inaweza kumtaka hesabu.

Tunaziomba kamati zenu zisaidie wajane mapema, kabla ya arobaini kupita na maneno kuzidi.

Karatasi ya tatu: mkataba wa upangaji

Sheria ya Ardhi inakubali upangaji wa mwaka mmoja au chini ya hapo ufanywe hata kwa mdomo. Sisi tunashauri uandikwe, hata kama ni chumba kimoja na hata kama mpangaji ni mwanakwaya mwenzenu. Unaweza kuandikwa kwa Kiswahili, na ni vizuri uwe katika lugha ambayo pande zote mbili zinaielewa. Mkataba mzuri unaenea katika kurasa mbili, nao unataja:

• Majina kamili ya pande zote, namba za vitambulisho na simu, pamoja na jina la ndugu wa kuarifiwa wakati wa dharura.

• Nyumba ilipo: mtaa, kata, namba ya kiwanja kama ipo, na chumba au vyumba vinavyopangishwa.

• Muda: tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha.

• Pango kwa mwezi, linalipwa kwa miezi mingapi, na kwa njia gani. Desturi ya kudai miezi sita au mwaka mzima imeenea. Kama ndivyo mlivyokubaliana, andikeni pia nini kitafanyika mpangaji akihamishwa kikazi kabla muda haujaisha.

• Amana, kama ipo: kiasi gani, ni kwa ajili ya nini, na itarudishwa lini.

• Umeme, maji na taka: nani analipa, na kama mita ni moja, mtagawanaje.

• Matengenezo: nani anatengeneza nini.

• Notisi ya kuondoka au kuondolewa.

• Saini za pande zote na za mashahidi. Kwa kawaida mwenyekiti wa serikali ya mtaa hushuhudia na kugonga muhuri. Kwa nyumba nzima au biashara ni bora kwenda kwa wakili.

Kuhusu matengenezo, sheria haikukaa kimya. Kama mkataba haukusema vinginevyo, mwenye nyumba ana wajibu wa kumwacha mpangaji akae kwa utulivu bila kusumbuliwa, na nyumba ya kuishi iwe inafaa kukaliwa na binadamu. Mpangaji naye anatakiwa kulipa kwa wakati, kuitunza nyumba isipokuwa uchakavu wa kawaida, na kutompangisha mtu mwingine bila idhini. Baba mwenye nyumba anayeingia chumbani kwa mpangaji bila hodi, hata kama paa ni lake, anavunja wajibu wake.

Ambatanisheni orodha ya hali ya chumba siku ya kuingia: vioo vingapi, kitasa kinafanya kazi, ukuta umepakwa rangi, taa zipo. Wote wawili watie saini. Siku ya kuondoka orodha hiyohiyo itasomwa tena, na suala la amana litaisha kwa dakika chache.

Karatasi ya nne: ushuru wa stempu

Mkataba wa pango unatakiwa kulipiwa ushuru wa stempu TRA, ambao ni asilimia 1 ya pango la mwaka. Chumba cha sh. 40,000 kwa mwezi kina pango la sh. 480,000 kwa mwaka. Ushuru wake ni sh. 4,800. Wengi wanaruka hatua hii kwa kuona ni gharama. Lakini mkataba usiolipiwa stempu haupokelewi kuwa ushahidi mpaka ushuru ulipwe pamoja na adhabu. Yaani siku unayouhitaji zaidi, ndiyo siku utakapokataliwa.

Karatasi ya tano: stakabadhi na daftari

Kila fedha inayopokelewa itolewe stakabadhi yenye nakala, ikitaja tarehe, kiasi, chumba na miezi inayolipiwa. Kuandika "pango" tu hakutoshi, andika "pango la chumba na. 3, Januari hadi Machi". Malipo kwa simu yanarahisisha kazi, lakini ujumbe wa simu hufutika na simu hupotea. Andika namba ya muamala kwenye daftari siku hiyohiyo.

Daftari liwe na ukurasa wa kila chumba. Mwisho wa mwezi mwenye nyumba ataona bila kubahatisha nani amelipa, nani anadaiwa, na kiasi gani kimetumika kwa matengenezo.

Kwa upande wa kodi ya mapato, Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaweka kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango. Mpangaji akiwa kampuni, taasisi au mfanyabiashara anayeendesha shughuli zake ndani ya jengo, anatakiwa kukata kiasi hicho na kukipeleka TRA, kisha ampe mwenye nyumba uthibitisho. Asiyejua hudhani amepunjwa. Daini uthibitisho huo na muuweke kwenye faili. Sheria za fedha hubadilishwa karibu kila mwaka, kwa hiyo kila Julai mtu mmoja wa kamati afike ofisi ya TRA kuuliza kilichobadilika.

Karatasi ya sita: notisi

Hapa ndipo watu wema wanapojiingiza matatani. Mpangaji amechelewa miezi miwili. Mwenye nyumba anang'oa mlango, anakata umeme au anatoa vyombo nje. Anadhani anadai haki yake, kumbe sasa yeye ndiye mkosaji, na anaweza kudaiwa fidia ya vitu vilivyopotea au kunyeshewa.

Upangaji usio na muda maalumu, unaolipiwa kwa mwezi, huvunjwa kwa notisi isiyopungua mwezi mmoja; notisi hulingana na kipindi cha malipo. Ule wenye muda maalumu hufuata masharti ya mkataba na ya sheria. Notisi iandikwe kwa adabu na kwa uwazi. Mfano:

"Ndugu mpangaji, salaam. Mkataba wetu wa tarehe fulani unakutaka kulipa pango la sh. 40,000 kila mwezi. Hadi leo hujalipa miezi ya Mei na Juni, jumla sh. 80,000. Unaombwa kulipa deni hilo ndani ya siku 30 tangu kupokea barua hii. Usipolipa, nitafuata hatua za kisheria ili upangaji huu usitishwe. Ukiwa na maelezo yoyote, tafadhali nione mapema."

Toa nakala mbili. Mpangaji asaini moja kuonyesha ameipokea. Akikataa, ipelekwe mbele ya shahidi, na shahidi aandike hivyo.

Mgogoro ukitokea

Hatua ya kwanza ni mazungumzo, pengine mbele ya mwenyekiti wa mtaa au mzee anayeheshimiwa na pande zote. Hatua ya pili ni Baraza la Kata. Wasomaji wetu wazingatie kwamba tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata halitoi tena hukumu katika migogoro ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha, na limepewa siku 30. Usuluhishi ukishindikana linatoa uthibitisho, na mwenye malalamiko anaendelea hadi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo kwetu lipo Tabora mjini. Mabaraza haya yanatokana na sheria ya mwaka 2002 ya utatuzi wa migogoro ya ardhi.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili amtafute msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watu hawa, na huduma yao ni bure.

Nyumba za parokia: nani anatia saini?

Tumefika kwenye jambo linalohusu kamati moja kwa moja. Parokia kwa kawaida si mtu kisheria. Mali ya kanisa humilikiwa na wadhamini waliosajiliwa chini ya Sheria ya Kuunganisha Wadhamini, na usajili huo husimamiwa na RITA. Kwa hiyo mkataba unaosema "kati ya Mwenyekiti wa Kamati ya Ujenzi na mpangaji" una kasoro kubwa. Mwenyekiti akimaliza kipindi chake au akihama, nani anadai? Na mpangaji akitaka kupinga, atamshtaki nani?

Kabla ya kupangisha hata chumba kimoja, kamati ifanye haya:

1. Ipate barua kutoka ofisi ya wadhamini inayoruhusu eneo lipangishwe na inayotaja nani ana mamlaka ya kutia saini kwa niaba yao.

2. Iandike muhtasari wa kikao unaotaja kiasi cha pango na matumizi ya mapato.

3. Ifungue akaunti ya benki yenye watia saini wasiopungua wawili. Fedha ya pango isilale nyumbani kwa mtu, hata akiwa mwaminifu kiasi gani. Tunamlinda yeye pia.

4. Iulize TRA kuhusu kodi. Kuwa mali ya kanisa peke yake hakulifanyi pango lisamehewe.

5. Itoe taarifa ya mapato na matumizi kila robo mwaka mbele ya waumini.

6. Isimpangishie mjumbe wa kamati kwa bei ya upendeleo. Akihitaji chumba, aombe kama wengine, na wakati wa kujadili ombi lake atoke nje ya kikao.

Nakala za vitambulisho vya wapangaji zifungiwe kabatini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayezikusanya azitunze, na si vizuri zikawa zinazagaa juu ya meza ya ofisi ya parokia.

Neno kwa wafadhili wetu

Mnapochangia mabati na saruji, tunaomba mkubali pia sehemu ndogo ya bajeti iende kwenye upimaji wa kiwanja, hati, ada ya wakili na kabati la kufungia mafaili. Gharama hizi hazipigwi picha, lakini ndizo zinazofanya jengo liendelee kuwa la walengwa miaka 20 baadaye. Nasi tunaona ni haki yenu kuomba nakala ya hati au barua ya wadhamini kabla ya fedha za ujenzi kutolewa.

Tunachoomba kila kamati ifanye kabla ya toleo lijalo

Chukueni faili moja gumu. Wekeni humo hati au barua ya eneo, barua ya wadhamini, mikataba yote iliyolipiwa stempu, orodha za hali ya vyumba, nakala za stakabadhi, uthibitisho wa kodi na notisi zilizotolewa. Kikosekanacho kiandikwe kwenye karatasi ya mbele, pamoja na jina la anayekifuatilia na tarehe. Kisha muwaite waumini wenye nyumba za kupangisha, mwaonyeshe faili hilo, nao wakatengeneze la kwao.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mkikwama mahali popote, leteni maswali yenu kwa maandishi kupitia kwa mratibu wa eneo lenu, nasi tutayajibu kadiri ya uwezo wetu.